JUA NCHI YAKO: VILIMA VYA SHIMBA NA MAJI YAKE

Kijana mmoja wa Likoni ametuletea barua yenye maswali mawili. La kwanza asema: yawaje mtu atoke Likoni asubuhi jasho lamtiririka, afike Kombani, akunje kulia kuishika njia ya Kwale, na kabla ya robo saa kupita ahisi baridi, na pengine akute ukungu umelala barabarani hata madereva wawashe taa mchana? La pili: huko juu kuna nini hata serikali ikautia msitu ule uzio na kuwakataza watu kulima, hali mashamba yenyewe ni haba?

Twamshukuru kwa barua yake. Maswali ni mawili, lakini mzizi wao ni mmoja, nao umo ndani ya mawe. Kwa hiyo tutaanza na mawe kisha tupande hata tufike kwenye miti na watu. Wasomaji wetu watustahimilie ikiwa njia itakuwa ndefu kidogo.

Kwanza tujue mahali penyewe. Vilima vya Shimba viko katika jimbo la Kwale nchini Kenya, kusini-magharibi ya Mombasa, mwendo wa kiasi cha kilomita 30. Ramani na vitabu huviita milima, na mtu wa Taita au wa Moshi akisikia hivyo hucheka, maana kilele chao hakizidi sana mita 450, yaani karibu ya futi 1,500. Ukitazama kutoka baharini huoni kilele chochote kilichochongoka. Huona kama ukuta mrefu wa rangi ya buluu, uliokatwa sawasawa juu yake, umelala sambamba na pwani. Manahodha wa majahazi wa zamani waliutumia ukuta huo kuwa alama ya nchi kavu, kwani mahali penye ardhi tambarare kama pwani yetu, hata kilima kifupi huonekana kutoka mbali.

Mtu aondokaye ufukoni Diani au Tiwi akaelekea machweo ya jua hukanyaga nchi nne mbalimbali, moja baada ya nyingine, ijapokuwa safari yote ni ya saa chache tu. Ya kwanza ni uwanda wa matumbawe, mwembamba, wala haupandi sana juu ya usawa wa bahari. Hapa ndipo penye minazi, mahoteli na misikiti ya kale. Ya pili ni nchi ya mchanga mwekundu na vilima vidogo, penye miembe, mikorosho na mihogo. Ya tatu ndiyo Shimba yenyewe, inayosimama ghafula kama kizingiti. Ukiisha kuivuka, ukateremka upande wa pili kwenda Kinango, waingia nchi ya nne, nayo ni nyika: vichaka vya miiba, mito isiyo na maji ila siku za mvua, na mifugo inayokwenda mbali kutafuta pa kunywa. Wataalamu wa Kizungu walioandika juu ya jiografia ya pwani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 waliipa kila nchi katika hizi jina lake. Lakini wakulima wa Kidigo na wafugaji wa Kiduruma hawakungoja kitabu. Walijua zamani ni wapi muhogo huota na ni wapi mbuzi hushinda.

Sasa tuingie ndani ya mawe. Yalikuwako, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, mabara yote ya kusini yaliyoshikana kuwa nchi moja kubwa. Bara Hindi, Madagascar, Arabuni na Afrika zilikuwa jirani bega kwa bega, wala hapakuwa na Bahari ya Hindi kuzitenga. Ardhi ilipoanza kuvutana na kupasuka, mahali ambapo leo ni pwani yetu palizama pakawa bonde refu. Mito iliyotoka bara ilimwaga humo mchanga, kokoto na tope kwa muda usioweza kufikiriwa na akili ya mtu. Tabaka lililala juu ya tabaka. Uzito wa la juu ukalikandamiza la chini. Maji yenye madini yakapita baina ya chembe na kuziunganisha kama saruji. Mchanga ukawa jiwe. Mawe hayo yote kwa jumla huitwa mawe ya mchanga ya Duruma, na ndani yake mna makundi yenye majina tunayoyajua kwa sababu ni majina ya vituo vya njia ya Mombasa: Taru ndiyo ya chini na ya kale zaidi, kisha Maji ya Chumvi, kisha Mariakani, na juu yao Mazeras. Mtu anayesafiri kutoka Taru kuja Mombasa kwa hakika anapanda ngazi ya zamani, maana matabaka yote yameinamia upande wa baharini, na kila aendapo mashariki hukuta jiwe lililo changa kuliko aliloliacha nyuma.

Shimba imetengenezwa kwa tabaka la mwisho la kundi la Mazeras. Ni jiwe la mchanga mzito, chembe zake kubwa kama punje za mtama, nyeupe, ngumu, zenye kung'aa kama kigae cha kioo, na mara kwa mara zimechanganyika na vijiwe vya mviringo vilivyosuguliwa mtoni. Ukikishika kipande chake mkononi chakwaruza kama tupa. Katika mawe haya yameonekana pia magogo ya miti iliyogeuka kuwa jiwe. Mti ulianguka, mchanga ukaufunika kabla haujaoza, na madini yaliyomo majini yakaingia polepole mahali pa kuni hata umbo la gogo likabaki na nyama yake ikawa jiwe gumu. Basi msitu ulioko Shimba leo umesimama juu ya kaburi la msitu mwingine.

Mnamo mwaka 1953 Idara ya Jiolojia ya Kenya ilitoa taarifa ya mtaalamu P. V. Caswell juu ya nchi ya Mombasa na Kwale, na wengi waliokuja baada yake wamejenga juu ya kazi hiyo. Ndani yake mambo yamepangwa wazi: mawe ya mchanga huko juu, mawe ya tope lililogandamana upande wa Changamwe na Port Reitz, mchanga mwekundu mbele ya vilima, na matumbawe pwani. Kila kimoja ni cha zama zake.

Je, kwa nini tabaka hili limesimama juu hali majirani zake wako chini? Sababu ni mbili. Kwanza ni nyufa. Madagascar ilipoanza kujitenga na Afrika, kiasi cha miaka milioni 160 iliyopita, pwani yetu ilipasuka mapande marefu yanayofuata mstari wa bahari, na katika zama zilizofuata mapande mengine yakashuka na mengine yakabaki juu. Shimba ni pande lililobaki juu, na upande wake wa mashariki umekatwa na nyufa hizo. Ndiyo maana ule mteremko wa Kwale umekuwa mkali. Pili ni ugumu wa jiwe lenyewe. Mvua na jua havibagui, hula kila jiwe, lakini tope lililogandamana huliwa upesi na jiwe lenye chembe ngumu huliwa kwa uchache.

Bahari nayo haikukaa kitako. Katika vipindi vya baridi kuu ya dunia maji mengi yaligeuka barafu huko ncha za kaskazini na kusini, na usawa wa bahari ukashuka. Mara ya mwisho, yapata miaka 20,000 iliyopita, ulishuka zaidi ya mita 100. Mito iteremkayo kutoka vilima hivi na kutoka nyika ikachimba mabonde marefu katika yale mawe laini nyuma ya Mombasa. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, ikaingia mabondeni na kuyajaza. Hivyo ndivyo ilivyopatikana Kilindini na Port Reitz. Meli kubwa zinazotia nanga pale zimekaa juu ya bonde la mto uliozama. Na kabla ya hapo, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo, na matumbawe yakamea mahali ambapo sasa ni nchi kavu. Kisiwa cha Mombasa ni matumbawe hayo, na nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwayo.

Tumefika sasa kwenye swali la kwanza la kijana wetu. Pepo za kusi huvuma kutoka kusini-mashariki zikiwa zimebeba mvuke wa bahari pana. Juu ya uwanda wa pwani hazina kizuizi, hupita tu. Zifikapo Shimba hukuta ukuta umesimama kiubavu mbele yao, basi hazina budi kupanda. Hewa ipandayo hupoa, na kwa kila mita 100 joto hupungua zaidi ya nusu ya digrii. Kwa kimo cha Kwale hizo ni digrii mbili au tatu tu, nalo laonekana ni jambo dogo, lakini hewa ya pwani imekwisha shiba mvuke, na kupoa kidogo kwatosha kuufanya mvuke huo uwe matone. Mengine huanguka kuwa mvua. Mengine hubaki hewani kama ukungu, khasa usiku na alfajiri, yakajishika kwenye majani na kudondoka chini tone kwa tone hata siku isiyonyesha. Mtu alalaye ndani hajui kwamba msitu umekunywa usiku kucha.

Upande wa pili, kule Kinango, hewa huteremka ikiwa imekwisha mwaga mzigo wake. Ndiyo sababu mvua za mwaka, yaani masika, zaweza kuijaza mito ya Kwale, na jirani aliye nyuma ya kilima akawa bado anayatazama mawingu.

Lakini mvua peke yake haifanyi mji kupata maji. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mwamba mtupu hukimbia baharini siku ile ile ikichukua na udongo. La muhimu ni ghala, na Shimba ni ghala la namna ya ajabu. Lile jiwe la chembe kubwa lina matundu madogo baina ya chembe, na nyufa nyingi juu ya hayo. Maji yanayopita katika majani makavu na mizizi ya msitu huzama humo, yakenda chini kwa mwendo wa konokono, hata yakute tabaka gumu au la udongo yasiloweza kulipenya. Hapo hugeuka na kutafuta njia ya ubavuni, na yatokapo nje ndipo tunasema hapa pana chemchemi. Kwa kuwa safari hiyo ya chini kwa chini ni ndefu, maji ya mvua ya mwaka huu hutoka polepole, na kijito cha Shimba chaweza kutiririka katika miezi ambayo nyika yote imekauka. Yale maporomoko yaitwayo ya Sheldrick, yanayoanguka kiasi cha mita 20 na zaidi ndani ya msitu, hunywa katika ghala hili.

Chemchemi iliyo mashuhuri kuliko zote ni Marere. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 maji yake yalitiwa mabombani yakapelekwa Mombasa, na kwa miaka mingi mji uliyategemea hayo, kabla bomba la Mzima, lenye urefu wa kilomita 220 hivi, halijamalizika mwaka 1957, na kabla ya visima vya Baricho kwenye mto Sabaki. Leo mji umekuwa mkubwa mno na Marere ni sehemu ndogo ya maji yake. Hata hivyo mama wa nyumba wa Mombasa anayenunua maji kwa mtungi kutoka mkokoteni ajua thamani ya sehemu ndogo. Maji ya kupikia, ya kuosha watoto na ya kutilia udhu hayahesabiwi kwa jumla ya mji, huhesabiwa kwa ndoo iliyoko jikoni.

Tena liko ghala jingine lisiloonekana. Maji mengine yaliyozama Shimba hayatoki chemchemi hata kidogo. Huendelea chini kwa chini kuelekea baharini, yakapita katika mchanga wa mbele ya vilima na katika mawe ya kale yaliyo chini zaidi, hata kufika chini ya Tiwi, Ukunda na Msambweni. Visima vya Tiwi vinavyowanywesha watu wa Diani na sehemu ya Mombasa vyategemea hazina ya namna hii. Hapa yafaa wasomaji wasimame kidogo, kwani jambo hili lawahusu wote wenye kisima uani.

Chini ya pwani maji matamu hayakai peke yake. Yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa kuwa matamu ni mepesi kidogo. Kanuni iliyothibitika ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kiasi cha mita 40 chini yake. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Ukiyavuta maji kwa pampu hata yakashuka nusu mita, chumvi iliyo chini yapata nafasi ya kupanda kama mita 20. Hivyo kisima kilichochimbwa na babu, kilichokuwa kikitoa maji matamu kwa kata na kamba, kikitiwa mashine chaweza kuwa cha chumvi katika miaka michache, wala chumvi ikiisha kuingia haitoki kwa urahisi. Kinachoizuia ni msukumo wa maji mapya kutoka upande wa vilima. Msukumo ukipungua bahari huingia. Kwa hiyo mtu aliye Ukunda, asiyewahi kuukanyaga msitu wa Shimba maisha yake yote, ana shauku kubwa na msitu ule, ajue asijue.

Ama msitu wenyewe, tutausema kwa ufupi kuliko unavyostahili. Sehemu ya vilima ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, nyanda za majani zikaongezwa mwaka 1924, na mwaka 1968 sehemu kubwa ikafanywa hifadhi ya wanyama. Humo mna mvule na mbambakofi, miti ambayo mafundi wa milango wa pwani na visiwani waliitafuta kwa gharama yoyote. Mna miti ya mrihi, na mna mimea ya jamii ya kale sana inayofanana na mtende mfupi, ambayo haitoi maua bali hutoa matunda kama magunzi. Wataalamu wa mimea wamesema kwamba zaidi ya nusu ya mimea adimu ya Kenya yaonekana katika vilima hivi. Mnyama wake mashuhuri ni palahala, dume lake jeusi lenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Katika nchi nzima ya Kenya hana kwao kwingine ila hapa, na hesabu ya wanyama iliyofanywa mwaka 2021 ilipata 51 tu.

Ndovu ni wengi kupita kiasi cha mahali. Mwaka 2005 ndovu 150 walichukuliwa kwa malori kutoka Shimba wakahamishiwa Tsavo Mashariki, maana walikuwa wakiivunja miti na kuyavamia mashamba. Kabla ya hapo, mwaka 1995, wakulima wa upande wa Mwaluganje walikubali kuacha mashamba yao yawe njia na malisho ya ndovu, wapate fungu katika ada za wageni. Baadhi yao hata wamefanya karatasi kwa mavi ya ndovu, jambo ambalo mwanzo watu walilicheka.

Hapa twarudi kwenye swali la pili la kijana wetu, na hatutaki kumjibu kwa maneno mepesi. Yako maneno ya kweli katika lawama yake. Mkulima wa kando ya uzio huamka akute migomba yake imelala na muhogo umeng'olewa, na fidia huchukua muda mrefu kufika, ikifika. Tena ni jambo la kuudhi kwamba viko vijiji karibu kabisa na vilima ambako wanawake bado huchukua madumu kichwani, na bomba la kwenda mjini lapita mbele ya macho yao. Mtu wa namna hiyo akiambiwa asikate mti kwa sababu ya maji ya Mombasa, ana haki ya kuuliza maji yake yeye yako wapi. Sisi twaona ya kwamba anayestahili kuambiwa kwanza ni mtu wa mjini na mwenye hoteli ya ufukoni, kwani hao ndio wanaokunywa. Jirani wa chemchemi ndiye astahiliye bomba la kwanza.

Lakini lawama ikiwa kweli, haifanyi jiwe libadilike tabia. Udongo wa juu wa Shimba ni mchanga tu, mbolea yake ni majani yanayoanguka na kuoza. Mti ukikatwa na moto ukapita, ule weusi wa juu huchukuliwa na masika mbili tatu, na hubaki mchanga mweupe usioshika mahindi. Mwenye shamba hupata mavuno machache, kisha huhama. Mvua ambayo ingezama huteremka kwa nguvu, ikafanya makorongo, ikachukua tope hata Gazi, ambako mto Mkurumudzi huingia katika mikoko. Matumbawe hayapendi maji ya tope wala maji matamu. Ukitazama mwamba wa bahari ulioko mbele ya pwani yetu utaona milango yake mingi iko mkabala wa vinywa vya mito. Mto wa kawaida hufanya mlango mmoja. Mto wa tope huua zaidi ya hapo, na mvuvi wa Gazi atalipa kwa mti uliokatwa Kwale.

Tusiondoke Gazi bila ya kutaja jambo la historia, maana linaonyesha kwamba watu wa zamani walikijua kilima hiki kwa namna yao. Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, aliyekaa Gazi, alikuwa na boma lake la kukimbilia huko Mwele, ndani ya misitu ya Shimba. Mwaka 1895, alipopigana na Waingereza, walimfuata huko kwa jeshi la mabaharia chini ya Admirali Rawson wakaliteka boma mwezi wa Agosti. Yeye hawakumpata, vita viliendelea hata mwaka 1896 alipovuka mpaka na kuingia nchi iliyokuwa ya Wadachi, ambayo leo ni Tanzania. Mwenye kuchagua mahali pa kuzingirwa hutazama mambo matatu: kimo, maficho na maji. Mwele ilikuwa nayo yote matatu, na sababu yake ni ile ile tuliyoieleza juu ya mawe.

Wengine wametuuliza pia kama mali ya madini ya Kwale yatoka Shimba. Haya ni mambo mawili yasichanganywe. Titani iliyochimbwa Kwale, kuanzia mwaka 2013 hata mwisho wa mwaka 2024 kazi ilipokoma, ilitoka katika ule mchanga mwekundu ulio mbele ya vilima, uitwao mchanga wa Magarini. Mvua iliyobomoa mawe ya bara na ya vilima iliteremsha chembe za kila namna. Upepo na maji vikazipepeta kama mwanamke apepetavyo mchele kwenye ungo, nyepesi zikapeperushwa na nzito zikabaki. Hizo nzito ndizo ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Kwa ajili ya kuosha mchanga huo lilijengwa bwawa kwenye mto Mkurumudzi, na sasa machimbo yamefungwa, ni haki ya watu wa Msambweni kuuliza maji ya bwawa lile yatafanya kazi gani na kwa faida ya nani. Ama kilima cha Mrima, kilicho kusini zaidi, si ndugu wa Shimba hata kidogo. Kilitokana na mawe ya moto yaliyopanda kutoka chini kabisa baada ya mawe ya mchanga kuwako, na ndani yake mna niobiamu na madini mengine adimu. Juu yake mna msitu wa kaya ya Wadigo, na mabishano ya kuwa kichimbwe au kiachwe yamedumu miaka mingi.

Vijana watakaopata nafasi ya kwenda Kwale tunawashauri wafanye mambo haya. Wakipita mahali barabara ilipokata kilima, washuke wautazame ukuta wa udongo: wataona mistari ya kokoto imelala kwa mshazari, na mshazari huo waonyesha upande ambao mto wa kale ulikuwa ukielekea. Wachukue mchanga kiganjani wauloweshe maji, kisha wauchunguze kwenye jua. Wakiwa na bakuli mbili za kopo zilizotobolewa chini, moja waijaze mchanga wa chini ya miti pamoja na majani yake, na moja udongo wa njiani uliokanyagwa, wamimine kikombe kimoja cha maji katika kila bakuli, wahesabu ni muda gani kila moja huyameza. Walimu wa madarasa waweza kufanya hivyo uwanjani hata bila ya kusafiri. Watakaotuandikia hesabu zao tutazitia katika ukurasa huu.

Mwezi ujao, Mwenyezi Mungu akipenda, tutavuka kwenda kaskazini ya Mombasa, tuyatazame mawe ya chokaa ya Kambe, ambayo maji hayapenyi katika matundu yake kama Shimba, bali huyayeyusha na kujichimbia mapango.